Gregori Mkuu, Papa Aliyekataza Lumbesa

Kila tarehe 3 Septemba Mama Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa na Mwalimu wa Kanisa. Wengi tunamfahamu kwa nyimbo zinazobeba jina lake, kwa kitabu chake cha Kanuni ya Kichungaji, na kwa wamonaki aliowatuma Uingereza mwaka 596 wakiongozwa na Agustino. Hayo yameandikwa sana na kwa ustadi. Mimi nimependa kumfuata mahali ambapo wachache humfuata, yaani kwenye daftari la mapato na matumizi. Mtu huyu alilisha mji mzima, akalipa posho za askari, akakomboa mateka, akatunza wagonjwa na wakimbizi. Fedha yote hiyo ilitoka katika jasho la mtu fulani. Nani alipe, alipe lini, na apimiwe kwa kipimo gani? Maswali hayo yamejaa katika barua zake zipatazo 850 zilizohifadhiwa hadi leo.

Alizaliwa Roma karibu na mwaka 540, mtoto wa Gordiano na Silvia, watu wa ukoo mkubwa waliokuwa na nyumba katika kilima cha Celio na mashamba kisiwani Sisilia. Ukoo huo ulikuwa umekwisha kulipatia Kanisa Papa mmoja, Feliksi wa Tatu. Lakini Roma ya utoto wake ilikuwa mji uliochakaa. Majeshi ya Kaisari wa Konstantinopoli na Wagothi waliugombania kwa miaka mingi, na mwaka 546, Gregori akiwa bado mtoto mdogo, Wagothi waliuteka. Vita vile vilipokwisha, Kaisari akabaki mtawala. Amani haikudumu: mwaka 568 Walombardi waliingia Italia kutoka kaskazini na kuanza kuimega nchi kipande kwa kipande.

Mwaka 573 tunamkuta Gregori akiwa Mkuu wa Mji wa Roma. Cheo hicho kilikuwa na mambo mengi ndani yake: mahakama, hazina, chakula cha wananchi, usalama. Ni kama leo mtu mmoja awe hakimu, meya na mweka hazina kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla hajajua kuimba masifu ya usiku, Gregori alijua ghala lina magunia mangapi na askari wanadai mishahara ya miezi mingapi. Naona jambo hili halisisitizwi vya kutosha tunaposimulia maisha yake. Tunapenda kumwona mtakatifu akiikimbia dunia, tunasahau alichojifunza kabla ya kuikimbia.

Baada ya kifo cha baba yake aliacha cheo. Mashamba ya Sisilia aliyatumia kuanzisha monasteri 6, na nyumba ya Celio akaigeuza kuwa monasteri ya Mtakatifu Andrea, akaingia humo kama mmonaki wa kawaida. Baadaye miaka hiyo ilibaki kwake kama kumbukumbu ya raha iliyopotea, kwa maana hakuachwa atulie. Papa Pelagio wa Pili alimtoa monasterini, na karibu na mwaka 579 alimtuma Konstantinopoli awe mwakilishi wake kwa Kaisari. Alikaa huko miaka kama sita akiomba msaada kwa ajili ya Italia. Msaada wa maana haukupatikana, kwani Kaisari alikuwa na vita vyake na Waajemi.

Mwishoni mwa mwaka 589 mto Tiber ulifurika, ukaharibu maghala ya Kanisa yaliyohifadhi ngano. Maji yalipopungua ikaja tauni, na Februari 590 Papa Pelagio mwenyewe akafariki. Watu wakamchagua Gregori. Alijaribu kukwepa, akamwandikia Kaisari asikubali uchaguzi huo, lakini haikusaidia. Tarehe 3 Septemba 590 alisimikwa kuwa Askofu wa Roma, mji wenye njaa, tauni na adui mlangoni.

Hapa msomaji avumilie maelezo kidogo, kwa sababu bila hayo barua zake hazieleweki. Kanisa la Roma lilikuwa na mashamba makubwa yaliyotolewa na waamini kwa karne kadhaa, nayo yaliitwa Urithi wa Mtakatifu Petro. Mengi na yenye rutuba zaidi yalikuwa Sisilia. Wakulima walioyalima walikuwa wamefungwa na ardhi, hawakuruhusiwa kuhama. Juu yao walikuwepo wakodishaji, watu waliokodi shamba zima kutoka kwa Kanisa kisha wakawakamua wakulima ili wapate chao. Mkulima alidaiwa mara mbili: kodi ya shamba, iliyokwenda kwa Kanisa, na kodi ya ardhi ya serikali, iliyokwenda kwa Kaisari. Zote mbili zilipitia mikono ya watu wa Kanisa. Kwa maneno mengine, Papa alikuwa mwenye shamba na papo hapo mkusanyaji wa kodi. Na kwa kuwa serikali pale Roma ilikuwa imelegea, nafaka ya Sisilia ndiyo iliyosimama kati ya watu wa mji na njaa.

Mtu mwenye mzigo huo angeweza kusema: watu wangu wanakufa, leteni ngano, msiniulize imepatikanaje. Nadhani wengi wetu tungesema hivyo, tena kwa dhamiri safi, kwa sababu fedha inakwenda kwa maskini. Gregori hakusema hivyo.

Mwezi huohuo wa kusimikwa kwake alimtuma Sisilia Petro, shemasi mdogo, awe msimamizi wa mashamba. Mei 591 alimwandikia barua ndefu, ambayo kwangu mimi inastahili kusomwa na kila mtu anayesomea upadre na kila mtu anayesomea uhasibu. Si barua ya mawazo ya juu. Ni barua ya vipimo, mizani, tarehe na risiti.

Alianza na bei. Ilikuwa desturi, mwaka wa mavuno mengi, wakulima wa Kanisa kulipwa nafaka yao kwa bei ya kupunjwa. Gregori aliagiza bei ya soko ifuatwe katika mwaka mzuri na mwaka mbaya. Nafaka iliyozama baharini isidaiwe tena kwa mkulima kama amekwisha kuikabidhi. Ila akamwonya Petro asichelewe kuisafirisha wakati bahari ni shwari, halafu hasara ya uzembe ikaitwa ajali.

Kisha akaja kwenye kipimo. Nafaka ilipimwa kwa modio, chombo cha ujazo usiofika nusu ya debe letu, nacho kiligawanyika katika sehemu 16. Wakusanyaji walikuwa wametengeneza modio za kwao, kubwa kuliko hizo, hivyo mkulima alidhani ametoa modio 10 kumbe ametoa zaidi. Msomaji wa Njombe au Lushoto haitaji kufafanuliwa jambo hili. Sisi tunaliita lumbesa. Gunia linaandikwa moja, lakini limeshonewa kilemba juu, na mwenye viazi anarudi nyumbani na bei ya gunia moja. Gregori aliweka mpaka: isizidi sehemu 18 kwa modio, kukiwa na nafasi kidogo tu ya kile ambacho kwa desturi mabaharia huchukua kufidia upungufu wa njiani. Mizani za uongo zilizokwisha kugunduliwa katika mashamba fulani aliamuru zivunjwe na zitengenezwe mpya.

Fedha nayo ilikuwa na lumbesa yake. Ratili moja ya dhahabu ilitoa sarafu 72 zilizoitwa solidi. Katika baadhi ya mashamba wakulima walidaiwa solidi 73 na nusu kwa kila ratili. Ile moja na nusu ilikwenda wapi? Gregori alipiga marufuku nyongeza hiyo. Akaongeza busara ambayo watunga sheria wa kodi wanaijua hata sasa: vijitozo vyote vidogovidogo vikusanywe viwe kiasi kimoja kinachojulikana, kulingana na uwezo wa mkulima, ili asitozwe mlangoni, tena njiani, tena ghalani.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya tarehe. Awamu ya kwanza ya kodi ya serikali ilidaiwa kabla wakulima hawajauza mazao yao. Hawakuwa na fedha mkononi. Basi walikimbilia kwa wakopeshaji, wakakopa kwa riba kubwa ili walipe kodi, na mavuno yalipofika yalikuwa tayari ni ya mkopeshaji. Hapo hakuna aliyevunja sheria. Kiwango cha kodi kinaweza kuwa kilekile cha haki, kipimo kilekile, lakini kwa kudaiwa mwezi mbaya kodi ikamfilisi mtu. Wazee wetu waliotafuta fedha ya kodi ya kichwa enzi za mkoloni, wakalazimika kwenda kukata mkonge mbali na nyumbani ili waipate, wangeielewa barua hii bila mwalimu. Gregori hakuwa na uwezo wa kubadili kalenda ya Kaisari. Alichofanya ni kuagiza mfuko wa Kanisa uwakopeshe wakulima kiasi chote ambacho wangekopa kwa watu wa nje, nao wairudishe fedha hiyo kidogokidogo kadiri wanavyopata, ili wasilazimike kutupa mazao yao kwa bei ya chini.

Kulikuwa na mengine. Ada ya ndoa ya mkulima isizidi solidi 1, na kwa maskini ishuke zaidi. Mtu wa shamba la Kanisa akifa, mali yake warithi ndugu zake, isibebwe na Kanisa. Kulikuwa na mahali ambapo mkusanyaji alikuwa amepokea kodi kwa wakulima, akafa bila kuiwasilisha yote, na wakulima wale wakadaiwa mara ya pili. Gregori aliagiza warudishiwe.

Mwisho wa yote akaamuru jambo ambalo, kwa karne ya sita, lilikuwa kubwa. Kila mkulima apewe hati ya maandishi inayoonyesha anachopaswa kulipa. Na barua yenyewe isomwe kwa sauti katika kila shamba, mbele ya wakulima wote, wajue haki yao na wawe na silaha ya kujitetea. Hofu yake ilikuwa ya mtu mwenye uzoefu wa ofisi: alijua kwamba atakufa, na atakayekuja baada yake au afisa mwenye njaa anaweza kurudisha tozo zote zilizofutwa. Wema wa mkubwa huisha na maisha ya mkubwa. Karatasi iliyo mkononi mwa mlipaji ina nafasi ya kudumu kidogo zaidi.

Darasani tunafundishwa haki ya ugawaji, kuanzia kwa Aristotle hadi Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba mizigo na manufaa ya jamii yagawanywe kwa uwiano. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inatufundisha kuwa kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili. Nayapokea yote mawili. Hata hivyo niliposoma habari za wakulima wa Sisilia niliona kwamba mafundisho haya yanamdai zaidi anayekusanya kuliko tunavyozoea kuhubiri. Tunamhubiria mlipaji asikwepe. Gregori alianza kwa kumhubiria mkusanyaji asiibe, akamwambia kwa msimamo kwamba hataki mfuko wa Kanisa uchafuliwe na faida ya aibu.

Msidhani alikuwa mpole tu asiyejua hesabu. Julai 592 aliandika tena kwa Petro akiwa amegundua kwamba Kanisa linawalipa wachungaji wa farasi solidi 60 kwa mwaka, huku farasi hao hawarudishi chochote cha maana. Akaagiza kundi liuzwe, wabakizwe majike 400 wenye umri mdogo, nao wagawiwe wakodishaji wawatunze. Katika barua hiyohiyo alimtania Petro kwa kumpelekea farasi mmoja hafifu na punda watano wazuri: farasi hawezi kumpanda kwa kuwa ni dhaifu, na punda hawezi kuwapanda kwa kuwa ni punda. Nimecheka peke yangu maktaba niliposoma hapo. Lakini utani huo umeandikwa na mtu aliyeshindwa kuvumilia mali ya maskini ipotee, iwe kwa wizi au kwa ujinga.

Na fedha ilikwenda wapi? Kwanza kwenye chakula. Mwaka 591 aliagiza zitumike ratili 50 za dhahabu kununua nafaka mpya Sisilia, tena kwa watu wa nje ya mashamba ya Kanisa, ihifadhiwe hukohuko hadi Februari ndipo meli ziipeleke Roma. Mwandishi wa maisha yake, Yohane Shemasi, anasimulia kwamba kila siku ya kwanza ya mwezi maskini waligawiwa kulingana na msimu: nafaka, divai, jibini, mboga, samaki, mafuta. Wagonjwa na wasiojiweza walipelekewa chakula kilichopikwa, mtaa kwa mtaa, kila siku. Majina ya wote waliosaidiwa yaliandikwa katika daftari kubwa, pamoja na jinsia, umri na kazi zao, Roma na nje ya Roma. Siku moja maskini alikutwa amekufa katika uchochoro wa mji, na Gregori akaacha kuadhimisha Misa kwa siku kadhaa, kana kwamba amemuua yeye kwa mikono yake.

Kulikuwa pia na wakimbizi waliowakimbia Walombardi, miongoni mwao watawa wa kike. Mwaka 597 yeye mwenyewe aliandika kuwa watawa hao walikuwa 3,000 pale Roma, na kila mwaka walipewa ratili 80 za dhahabu kutoka Urithi wa Mtakatifu Petro, nazo hazikutosha. Kulikuwa na mateka wa kukombolewa. Kulikuwa na askari ambao Kaisari hakuwalipa kwa wakati. Mfalme Agilulf wa Walombardi alipouzingira mji mwaka 593, ilibidi aondoke kwa mazungumzo na malipo. Miaka miwili baadaye Gregori alijieleza kwa malkia wa Konstantinopoli kwamba, kama Kaisari alivyo na mweka hazina wake huko Ravenna, yeye ndiye amekuwa mweka hazina wa Kaisari hapa Roma. Ni maneno yenye uchungu na kejeli kidogo. Alikuwa akifanya kazi ya serikali kwa fedha ya Kanisa.

Malkia huyo ni Constantina, mke wa Kaisari Mauricius, na kwake Gregori aliandika Juni 595 kuhusu visiwa vitatu. Sardinia, wapagani walikuwa wakimlipa mkuu wa kisiwa ili waruhusiwe kutoa sadaka kwa miungu yao. Baadhi walibatizwa, wakaacha sadaka hizo, lakini tozo haikukoma. Askofu alipomkemea, mkuu yule alijitetea kwamba cheo chake alikipata kwa kuahidi fedha nyingi, na bila tozo kama hizo asingeweza kuilipa ahadi ile. Korsika, watu walikuwa wakiuza watoto wao ili wapate kulipa kodi, na wenye ardhi walikuwa wakitoroka kwenda kuishi chini ya Walombardi, yaani kwa adui. Sisilia, afisa mmoja aitwaye Stefano alikuwa akinyang'anya mali za watu bila kesi.

Gregori alijua atakavyojibiwa: fedha hizo zinarudi Italia kulipia ulinzi. Na ulinzi huo ndio uliomlinda yeye na watu wake. Hata hivyo aliomba tozo hizo ziondolewe, hata kama kwa sababu hiyo Italia itapelekewa kidogo zaidi. Alitaka Kaisari azuie machozi ya wanaokandamizwa, na aliona fedha yenye dhambi ndani yake pengine ndiyo sababu matumizi makubwa yalileta faida ndogo. Ni rahisi kupinga kodi inayokuumiza. Kupinga kodi inayokulisha ni jambo jingine.

Ningependa kuishia hapo, lakini haki inadai tuseme na upande wa pili. Mwaka uliotangulia, 594, Gregori huyuhuyu alimwandikia Askofu Januario wa Cagliari kuhusu wakulima wapagani wa Sardinia waliokaa katika mashamba ya Kanisa. Aliagiza kwamba mkulima atakayekaidi kumgeukia Mungu aongezewe kodi ya shamba hadi uzito wake umsukume kwenye njia njema. Mwaka huohuo aliagiza kwamba Wayahudi wa mashamba ya Sisilia watakaobatizwa wapunguziwe: anayelipa solidi 1 asamehewe theluthi yake, anayelipa 3 au 4 asamehewe 1. Alikiri kwamba huenda wenyewe wasije kwa imani ya kweli, ila watoto wao watabatizwa na kukua katika imani. Na huyu ndiye Papa aliyekataza Wayahudi wasibatizwe kwa nguvu, na aliyemtaka askofu wa Palermo awalipe thamani ya masinagogi aliyowanyang'anya.

Wapo wanaomtetea kwa kusema ndiyo ilikuwa desturi ya nyakati zile. Utetezi huo haunitoshi, kwa sababu lumbesa nayo ilikuwa desturi ya nyakati zile, na hiyo aliivunja. Mtu aliyeona kwa macho makali kabisa ubaya wa kipimo kisicho sawa alitumia kipimo kisicho sawa pale alipoamini lengo ni takatifu. Vivyo hivyo hakuhoji kwa nini mkulima afungwe na ardhi tangu kuzaliwa. Mwaka 595 aliwaacha huru watumwa wawili wa Kanisa la Roma, Montana na Thomas, akieleza kwamba kwa asili watu waliumbwa huru. Lakini watumwa wengine wa mashamba walibaki walipokuwa. Nadhani utakatifu wake haupungui kwa sisi kusema hivi. Yeye mwenyewe katika Kanuni ya Kichungaji anawataka viongozi wavumilie kusahihishwa na walio chini yao.

Miaka yake ya mwisho aliipitia kitandani kwa sehemu kubwa. Jongo lilimtesa, tumbo lilimtesa, na kutoka kitandani aliendelea kutuma barua kuhusu meli za ngano, warithi waliodhulumiwa na maaskofu wazembe. Alifariki tarehe 12 Machi 604.

Njaa ikarudi karibu mara moja. Mrithi wake, Papa Sabiniano, alifungua maghala ya Kanisa, lakini safari hii nafaka iliuzwa, modio 30 kwa solidi 1. Wasiokuwa na dhahabu hawakuwa na la kufanya. Pengine Sabiniano hakuwa mkatili kama alivyosemwa. Hazina aliyoikuta ilikuwa imetumika, na Walombardi walihitaji kulipwa ili watulie. Huduma haziwi bure kwa sababu tu zinatolewa bure, na bili ya ukarimu wa Gregori ilikuja kusomwa na mtu mwingine.

Yohane Shemasi anasimulia kwamba katika njaa ile watu walimgeukia marehemu. Walimlaumu kuwa ndiye aliyefuja mali ya Kanisa, na kwa kuwa hawakuweza kumfikia tena, wakataka kuvichoma vitabu vyake. Baadhi ya hao, bila shaka, walikuwa wamekula ngano yake. Shemasi Petro, rafiki yake wa miaka mingi, ndiye aliyewazuia. Yohane aliandika hayo karibu miaka 270 baada ya Gregori kufa, na anasema kwamba siku zake lile daftari la majina ya maskini lilikuwa bado linatunzwa katika makao ya Papa, Laterano.